Nta ya Sikonge

Luziga Mlekwa aliniletea tarumbeta
mwaka ule mvua zilipokatika mapema,
kaifunga kwenye khanga ya mama yake
kama mtoto mwenye degedege.
"Fundi, inavuja pumzi. Nikiiuliza jambo
inanijibu ndiyo-siyo."

Kazi yangu ni masufuria na taa za chemli,
kibanda Ng'ambo, nyuma ya wauza dagaa.
Risasi ya kulehemu ilikuwa imeniishia.
Nikachukua nta ya Sikonge, kidonge kama jicho la mbuzi,
nikaipasha, nikaikandika penye ufa.
Nikamwambia: hii ni ya siku tatu.
Ikakaa miaka kumi na tisa,
kiraka juu ya kiraka.

Alikuwa mtoto wa mshika bendera wa stesheni.
Baba alijua rangi mbili, kijani na nyekundu;
mwana akazitaka zilizo katikati.
Tarumbeta aliibadili kwa baiskeli ya baba,
baba akiwa zamu ya usiku.
Mzee akaenda kazini kwa miguu mwezi mzima.
Hakumpiga. Alisema tu:
"Basi iendeshe hiyo baiskeli yangu, ifike mahali."

Nyuki Jazz walimchukua kwa majaribio.
Magitaa matatu, ngoma, na Luziga pembeni
ndani ya shati la kuazima,
anangoja wimbo ufike kwenye chemko.
Ndipo anainuka.
Sauti inatoka nyembamba,
uzi unaotafuta tundu la sindano,
ikishaingia
inavuta ukumbi mzima.
Watu wa reli waliacha bia zao zikapata moto.
Bi Nyamizi, mgema maneno wa Kanyenye,
aliyekuwa na jibu kwa kila mwanamume,
aligeukia ukuta.

Wakaenda Dar es Salaam kurekodi, daraja la tatu,
chakula ni viazi vya kuchemsha na karanga.
Nyimbo nne. Ile ya nne alipewa yeye aimalize,
utepe ukaisha akiwa katikati ya pumzi.
Hadi leo redioni wimbo ule unakatika
kama mtu aliyeitwa nje.
Nikamuuliza: kilichobaki kilikwenda wapi?
Akagonga kifua. "Kimo.
Hakikulipiwa, ndiyo maana hakikutoka."

Halafu kikaja kinanda cha umeme
kilichojua kupiga tarumbeta kwa kidole kimoja.
Kiongozi wa bendi alimweleza kwa upole,
na upole ndio uliouma.
Akaingia ghala la tumbaku, kupanga majani kwa daraja.
Meno mawili ya mbele yakamtoka,
moja kwa ugonjwa, jingine kwa ngumi ya shemeji.
Nikadhani basi.
Kumbe jioni, nyuma ya choo cha ghala,
alikuwa akijifunza upya kwa pembe ya mdomo,
mtu mzima anatoa milio ya bata.

Usiku ule maji yalipozoa reli kule Kilosa,
treni iliyotoka Kigoma ikalala Tabora
na abiria wake, majogoo, madumu ya mawese,
watoto wanaouliza swali lile lile.
Luziga akaenda stesheni na khanga yake kwapani.
Sikuwepo. Nilikuwa kitandani, homa inanitikisa.
Nilisikia kupitia bati: wimbo wa nne.
Nikajikaza, nikangoja pale pa kukatika.
Hapakukatika.
Sijui niseme nini juu ya kilichofuata;
mke wangu aliniuliza kama nataka maji,
nikamwonyesha kwa mkono anyamaze.

Juzi mjukuu wake kaja na kiroba.
Anauza vyuma chakavu, shaba bei yake nzuri,
babu hayupo tena wa kukataza.
Nikaiweka kwenye mzani bila kuifungua khanga ya macho yangu.
Kilo moja na robo.
Kijana akafurahi. Nikamhesabia zote,
sikumwambia kwamba ile robo
ni nta yangu, nainunua mara ya pili.